Namna ya Kulikagua Wazo Linalokuumiza, Hatua kwa Hatua

Jioni unaingia ujumbe wa msimamizi wako wa kazi: “Kesho saa tatu uje ofisini kwangu.” Kabla hujaiweka simu chini, tumbo limekaza, viganja vimelowa jasho, na kichwani limeshapita wazo: nafukuzwa. Chakula hakipiti, usingizi unakuja kwa vipande, na asubuhi unaingia ofisini kwake ukiwa umejiandaa kujitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyelitaja.

Ujumbe ule una maneno sita. Hakuna hata moja linalohusu kufukuzwa. Hilo umeliongeza wewe, kwa kasi ambayo hukuiona, kisha mwili na hisia zikalipokea kana kwamba ndilo lililoandikwa. Tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi CBT, hufanya kazi hapo hapo, kati ya jambo lililotokea na maana uliyolipa.

Wanaojaribu kuifanya peke yao hupotea mapema kwa njia moja. Wakishalinasa wazo baya, wanalibandikia zuri juu yake. “Nafukuzwa” linageuka kuwa “Mimi ni mfanyakazi bora, kila kitu kitakuwa shwari.” Halisaidii, kwa sababu wenyewe hawaliamini. Tiba hii inadai jambo gumu zaidi, na la haki zaidi: ulichukue wazo lako kama dai tu, ulitake lilete ushahidi, kisha inapowezekana uende ukalijaribu kwa vitendo. Likithibitika, utashughulikia tatizo lenyewe. Lisipothibitika, litaanza kulegea bila kulazimishwa.

Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alikuwa akiwatibu watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa njia iliyotawala wakati huo, ile ya kuchimbua migogoro iliyofichika ndani ya nafsi. Akagundua kwamba pembeni mwa yale waliyokuwa wakimweleza, wagonjwa walikuwa na mkondo wa pili wa mawazo: mafupi, ya haraka, yaliyokuja bila kuitwa. Hawakuyataja kwa kuwa waliyaona ni ukweli wa kawaida tu. Na maudhui yake yalijirudia: mimi sifai, dunia hainitaki, mbele hakuna kitu. Mwanasaikolojia Albert Ellis naye alikuwa ameanza tangu miaka ya 1950 kuwafundisha watu kuhoji imani zinazosimama kati ya tukio na hisia. Baadaye kazi hizo zikaungana na mbinu za kubadili tabia, na ndiyo maana jina linabeba vyote viwili. Anayefanya nusu ya fikra na kuacha nusu ya tabia ameifanya nusu tu ya tiba.

Linase wazo kabla halijapoa

Unahitaji daftari au ukurasa kwenye simu, na dakika 10 hadi 15 kwa siku. Kichwani peke yake haitoshi. Wazo lisiloandikwa huzunguka na kubadilika umbo kila ukilikaribia, bali likishakuwa sentensi kwenye karatasi linakaa mahali pamoja, na unaweza kulihoji.

Alama ya kukuonyesha kwamba wazo limepita ni badiliko la ghafla la hisia. Ulikuwa sawa, mara moyo umezama au hasira imepanda. Hapo jiulize: nini kimenipita kichwani sasa hivi? Andika siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa chache. Ukisubiri hadi mwisho wa wiki utaandika maoni yako kuhusu wiki, na wazo lenyewe litakuwa limekwenda.

Anza na safu tatu tu: tukio, wazo, hisia. Kwenye tukio andika kile ambacho kamera ingekinasa: saa, mahali, nani alisema nini. “Msimamizi alinitumia ujumbe wa vitisho” si tukio, kwa sababu kamera haioni vitisho. “Msimamizi aliniandikia niende kesho saa tatu” ndilo tukio.

Kwenye safu ya wazo makosa ni mengi, na yanastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndiyo yanayoharibu kazi yote inayofuata.

La kwanza ni kuandika swali. “Itakuwaje nikishindwa?” haliwezi kupimwa, maana swali halina ukweli wala uongo. Ligeuze liwe jibu unaloliogopa: “Nitashindwa, na watu watanidharau.” La pili ni kuchanganya wazo na hisia. “Nahisi hawanipendi” ni wazo lililovaa nguo za hisia. Hisia kwa kawaida hutosha kwa neno moja: huzuni, hofu, aibu, hasira, hatia. Ikikubidi kusema “nahisi kwamba”, hilo ni wazo. La tatu ni kuandika jambo la kweli na kuishia hapo. “Nimefeli mtihani” linaweza kuwa kweli tupu, na hakuna cha kulihoji. Uulize linamaanisha nini kwako. Labda jibu ni “sina akili, na sitafika popote.” Hilo ndilo linalouma, na ndilo la kuandika.

Mara nyingi yatapita mawazo matatu au manne kwa pamoja. Usiyashughulikie yote. Chagua lile ambalo, hata lingekuja peke yake, lingeweza kuleta hisia kwa ukali ule ule. Kwa mtu wetu wa ujumbe, “kesho nitachelewa kumaliza ripoti” limepita, ila halielezi jasho la viganja. “Nafukuzwa” linaeleza. Wakati mwingine wazo haliji kwa maneno kabisa, linakuja kama picha: unajiona umesimama mbele ya watu umekwama. Iandike picha hiyo, kisha sema inachotabiri.

Pima kwa namba

Hisia ipe alama kuanzia 0 hadi 100, ambapo 0 ni haipo kabisa na 100 ni ukali wa juu kabisa uliowahi kuupata. Wazo nalo lipe asilimia: kwa sasa unaliamini kiasi gani? Mfano: hofu 85, aibu 40, “nafukuzwa” naliamini 90%. Usitumie muda mrefu hapa. Kazi ya namba ni kukuonyesha mwendo. Bila namba, kushuka kutoka 85 hadi 55 huonekana kama hakuna kilichobadilika, kwa kuwa bado una hofu, na mtu huacha zoezi siku ambayo lilikuwa linafanya kazi.

Ita ushahidi, na anza na ule unaolitetea wazo

Hapa ongeza safu mbili: ushahidi unaounga mkono na ushahidi unaopinga. Anza na unaounga mkono. Wengi huuruka wakiona utawazidishia maumivu, na hilo ni kosa kubwa. Wazo lisiposikilizwa hubaki likinong’ona “lakini hukutaja lile”, na kila utakachoandika upande wa pili hukosa nguvu.

Sheria ni kama ya mahakamani: kinakubaliwa kile tu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona au kukisikia. “Najua tu” haukubaliwi. “Nahisi hivyo kwa nguvu” haukubaliwi, kwa maana ukali wa hofu unaonyesha ukubwa wa hofu, hauonyeshi ukubwa wa hatari. “Amenichoka” haukubaliwi, kwa sababu hilo ndilo dai lenyewe limerudi kwa mlango mwingine.

Mtu wetu akiandika kwa uaminifu, safu ya kwanza inaweza kuwa hivi: wiki iliyopita nilichelewesha ripoti siku mbili; ujumbe haukuwa na salamu; mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliachishwa kazi. Yote matatu ni ya kweli, hakuna sababu ya kuyaficha.

Safu ya pili ndiyo inayochelewa kuja, kwa sababu akili yenye hofu haiendi kuitafuta. Maswali haya huifungua:

Je, nimewahi kuwa na uhakika kama huu kabla, na ikawaje?
Ni maelezo gani mengine yanayoweza kuutosha ushahidi ule ule?
Rafiki yangu angenionyesha ujumbe huu, ningemwambia nini?
Je, kuna jambo dogo linalopingana na wazo ambalo nimelipuuza kwa kusema “hilo halihesabiki”?

Majibu ya mtu wetu: ujumbe wa msimamizi kwa watu wote huwa mfupi na hauna salamu, ameniita ofisini mara tatu mwaka huu na zote zilihusu ratiba, ripoti iliyochelewa aliipokea bila karipio, juzi amenipa kazi itakayochukua miezi miwili. Angalia jambo hili la mwisho. Lilikuwepo tangu mwanzo, alilifahamu vizuri, ila usiku ule halikumjia hata mara moja. Hofu huchagua kumbukumbu, na safu ya pili ipo ili kurudisha zile zilizoachwa nje.

Sasa andika wazo jipya lenye uzito wa pande zote mbili. Muundo unaofaa ni “ingawa… hata hivyo…”. Kwa mfano: “Ingawa nilichelewesha ripoti na huenda akalizungumzia hilo, hata hivyo amenipa kazi ya miezi miwili na kawaida huniita kwa mambo ya ratiba. Kufukuzwa kesho hakuelekei.” Lipe asilimia ya kuamini, kisha rudi uipime hofu upya. Ikishuka kutoka 85 hadi 50, zoezi limefanikiwa. Hakuna anayetarajia sifuri.

Isiposhuka kabisa, kwa kawaida sababu ni mojawapo kati ya tatu. Huenda umelihoji wazo la pembeni na lile kali bado halijaandikwa. Huenda wazo jipya ni zuri kupita ushahidi wako, na akili imelikataa. Au huenda wazo ni la kweli. Kama msimamizi ameshakuandikia barua ya onyo la mwisho, hakuna kosa la kufikiri hapo la kurekebisha. Funga safu za ushahidi, fungua ukurasa wa mpango: nini kinaweza kufanywa, na nani, lini, kuanzia na hatua ipi. Kumlazimisha mtu mwenye tatizo halisi “abadilishe fikra” ni kumwonea.

Mitindo inayojirudia

Baada ya kurasa kama kumi, utaona mawazo yako yanapenda kukosea kwa mtindo fulani. Wapo wanaotabiri mabaya na kuyachukua kama yameshatokea. Wapo wanaosoma akili za watu: “ananiona mjinga.” Wengine huona nyeusi na nyeupe tu, kwamba kazi isipokuwa kamilifu ni takataka, wengine huchukua tukio moja na kuliita “siku zote”, wengine hujibandika jina zima, “mimi ni mvivu”, kwa sababu ya asubuhi moja. Kuutambua mtindo wako huharakisha kazi, kwa kuwa unajua swali la kwanza la kuuliza. Lakini usiishie kwenye kutaja jina. Kusema “huku ni kusoma akili za watu” bila kuangalia ushahidi hakumtulizi mtu, na wengine huligeuza kuwa fimbo mpya ya kujichapa: “tazama, nafikiri vibaya tena.”

Kwa wanaojilaumu kwa kila kitu, kuna zoezi jingine linalofaa mbali na safu za ushahidi. Chora duara. Andika pembeni kila mtu na kila hali iliyochangia jambo lililoharibika, na uhakikishe jina lako ni la mwisho. Kisha gawa duara kwa asilimia kwa mpangilio huo huo. Anayeanza na jina lake hujipa 90% na kubaki hana cha kugawa.

Nenda ukalijaribu

Karatasi ina kikomo. Mtu anaweza kukubali kichwani kwamba wazo si kweli, huku tumbo likiendelea kuamini. Kinachobadilisha tumbo ni kuona kwa macho, na ndiyo sababu jaribio la vitendo ni moyo wa tiba hii.

Chukua mtu ambaye hajawahi kuuliza swali kwenye kikao. Wazo lake: “Nikiuliza, watu watacheka na sauti yangu itatetemeka hadi kila mtu aone.” Kabla ya kikao anaandika utabiri kwa lugha inayoweza kuhesabika: angalau watu watatu watacheka au kutazamana, sitajibiwa, baadaye mtu ataniuliza nina shida gani. Anaandika anauamini kwa 80%. Utabiri wa jumla, kama “itakuwa mbaya”, haufai, kwa sababu mwenye hofu atauona umetimia vyovyote itakavyokuwa.

Kisha anaorodhesha kinga zake, yaani vijambo anavyovifanya ili balaa lisitokee: kulikariri swali mara kumi, kusema haraka haraka, kutazama chini, kutanguliza “samahani, huenda ni swali la kijinga.” Hizi lazima ziachwe wakati wa jaribio, angalau moja au mbili kwa kuanzia. Akiuliza akiwa amejikinga na mambo yakaenda vizuri, sifa zote zitaenda kwa kinga: “nimeokoka kwa sababu nilikariri.” Hofu itabaki pale pale, miaka na miaka. Kinga nyingine huleta kile kile kinachoogopwa. Anayesema mbio akiwa ameinamisha kichwa ndiye watu wanayemgeukia kumtazama.

Wakati wa jaribio atazame nje, nyuso za watu na majibu yao, asijichungulie ndani kusikiliza sauti yake. Akimaliza aandike matokeo mkabala na utabiri: wangapi walicheka? Alijibiwa? Kisha alichojifunza, kwa sentensi moja. Jaribio moja huitwa bahati, kwa hiyo alirudie mara tatu au nne katika vikao tofauti. Na kama kuna aliyecheka kweli? Hapo wazo lililojificha nyuma yake ndilo lililojaribiwa, lile linalosema “sitaweza kuvumilia.” Aandike aibu ilifika ngapi, ilidumu dakika ngapi, na jioni ilikuwa imebaki ngapi.

Chini ya mawazo kuna kanuni

Ukiona mawazo tofauti yanamalizikia mahali pamoja, shuka nayo. Chukua wazo na uliulize: kama hili ni kweli, lina ubaya gani kwangu? Jibu nalo liulize hivyo hivyo, mara nne au tano. “Nimekosea kwenye ripoti.” Lina ubaya gani? “Wataona siko makini.” Kisha? “Wataniamini kidogo.” Kisha? “Mtu asiyeaminika hana thamani.” Hapo chini kuna kanuni ya maisha, “nisipokuwa mkamilifu sina thamani”, ambayo huenda ilikuwa na maana wakati ilipojengeka. Kanuni za namna hii haziondoki kwa safu mbili za jioni moja. Hupungua nguvu kwa miezi, kwa kuandika kila siku jambo moja dogo lisilopatana nazo na kwa kuzivunja kwa makusudi: kutuma barua pepe baada ya kuisoma mara moja tu, kwa mfano. Ukishuka ukakuta maumivu yanayokuzidi, simama, jambo hilo lifanye ukiwa na mtaalamu.

Mahali ambapo njia hii hubadilika

Usilisukume wazo litoke. Katika jaribio la mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake lililochapishwa mwaka 1987, watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila akiwajia, waliendelea kuigonga. Wasiwasi usiokatika ni bora kuupangia muda: dakika 15 hadi 20, saa ile ile kila siku, mbali na kitanda. Ukija nje ya muda huo, andika neno moja na uurudishe kwenye zamu yake.

Mwenye sonona nzito asianze na safu za ushahidi. Nguvu ya kufikiri imeshuka, na ukurasa mtupu utakuwa ushahidi mwingine kwamba ameshindwa. Aanze na ratiba: shughuli moja au mbili ndogo kwa siku, kila moja ikipewa alama 0 hadi 10 kwa raha aliyoipata na 0 hadi 10 kwa kuhisi ametimiza jambo. Afanye kwa ratiba bila kusubiri hamu, kwa kuwa katika sonona hamu huja nyuma ya tendo.

Kwa wenye mawazo yanayoganda na matendo ya kurudiarudia, kama kunawa au kukagua mlango, kuhoji ushahidi kunaweza kugeuka kuwa ukaguzi mwingine. Akijikuta anajaza ukurasa ule ule mara tano ili ajihakikishie, aache. Tiba yake ni kukabili kinachomwogofya bila kufanya lile tendo, na huhitaji mwongozo wa mtaalamu.

Anayepigwa au kunyanyaswa nyumbani hana kosa la kufikiri anapoogopa. Kwake usalama hutangulia. Na ukiwa na mawazo ya kujiua, unasikia sauti wasizosikia wengine, au umepita siku kadhaa karibu bila usingizi huku nguvu zikizidi, weka daftari pembeni, mwambie mtu unayemwamini, na nenda hospitali leo.

Kwa mtaalamu, tiba hii kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, kimoja kwa wiki, vya dakika 50 au karibu na hapo. Utamtambua anayeifanya kweli: mnapanga ajenda mwanzoni, malengo yenu yanapimika, anakuuliza maswali kuliko anavyokushauri, na huondoki bila kazi ya kufanya nyumbani, ambayo kikao kijacho kinaanza kwa kuiangalia. Kama baada ya vikao vinne au vitano hakuna kazi ya nyumbani hata moja, muulize. Mazungumzo yanaweza kuwa mazuri, lakini sehemu kubwa ya badiliko hutokea kati ya kikao na kikao.

Hali ikishatulia, andika ukurasa mmoja ukiwa bado unakumbuka: dalili zangu tatu za mwanzo ni zipi, wazo langu la kawaida linasemaje, jaribio lipi lilinisaidia, na nani nitampigia. Uweke mahali unapoweza kuupata usiku bila kuutafuta.